Mguu wa Alfajiri

Diploma yangu imetundikwa ukutani upande wa kulia ukiingia, mahali ambapo mgonjwa hawezi kukaa bila kuiona. Naanza na hiyo kwa sababu watu wa mji huu husema najisifu, nami sioni kwa nini nikatae. Sikusomeshwa na serikali, wala na misheni, wala na mjomba mwenye cheo. Nilitoka mtaa wa Bwiza na begi moja, nikaenda Ubelgiji, nikawa naosha wazee usiku katika nyumba ya kulelea wazee, na mchana nakaa darasani na vijana niliowazidi miaka minane. Nilisinzia, nikafeli mtihani mmoja, nikaurudia, nikamaliza. Leo mimi ni mtaalamu wa kunyoosha viungo na misuli, kazi ambayo hapa Bujumbura wanaiita kine, na vitanda viwili vya tiba vilivyo kwangu nilivileta mwenyewe ndani ya kontena.

Nilirudi miaka mitatu iliyopita, peke yangu. Mke wangu alisema hatarudi Burundi, na baada ya muda akasema pia hatakuwa mke wangu. Watoto hunipigia simu Jumapili, mmoja baada ya mwingine, kama watu waliopanga foleni. Nilipanga nyumba Kinindo, karibu na ziwa, chumba cha mbele nikakifanya kabine ya kutibia. Nyumba ina vigae vyeupe kila mahali. Nikitembea jioni nasikia mtu mwenye viatu anapita kutoka chumba hadi chumba, na mtu huyo ni mimi.

Wagonjwa wangu wengi ni wafanyakazi wa mashirika wenye maumivu ya mgongo. Huja, hulala kifudifudi, huondoka. Kuna wengine ambao migongo yao naijua kuliko nyuso zao.

Siku moja mlinzi aligonga mlango akiwa anajizuia kucheka. "Patron, iko mama mumoja kwenye geti. Hana randevu, hakuandikisha saa. Anasema anakujua tangu hauna meno."

Aliingia mama mwenye mtandio wa kijani, vumbi hadi magotini kwa sababu basi lilimshusha mbali. Hakukaa. Alinitazama kwanza mimi, kisha diploma, kisha mimi tena.

"Weye ndiye mutoto ya yule fundi wa baiskeli, karibu na musikiti?"

"Ndimi, mama."

"Mume wangu alikushonea suruali ya kusafiria. Ya kijivu."

Nilimkumbuka mara moja. Fundi cherehani wa mtaa wetu, mtu ambaye hakuwahi kukupima kwa utepe. Alikutazama tu na kukata kitambaa. Suruali ile niliivaa Ubelgiji mpaka ikapauka.

"Ana Parkinson, mwaka wa nane sasa," alisema, akilitamka neno hilo kwa uangalifu, kama jina la mgeni aliyekuja kukaa. "Mukono kutetemeka tulizoea. Lakini sasa iko muguu. Kila alfajiri unajikunja, unakaza kama jiwe, analia kama mutoto." Akaelekeza kidole ukutani. "Hii karatasi inaweza kuponyesha muguu?"

"Kuponyesha, hapana. Kuutuliza, ndiyo," nilimjibu. Na nilimaanisha. Katika nyumba ile ya wazee nilikuwa nimeshika miguu kama hiyo mingi kuliko wanayoiona madaktari wengi wa mji huu.

Alfajiri iliyofuata niliendesha gari hadi Bwiza. Nilimkuta mzee ameketi ukingoni mwa kitanda, ameuma ncha ya shuka. Mguu wa kushoto ulikuwa umejikunja: vidole vimezama chini kama vinataka kushika zulia, kisigino kimepanda, wayo umegeuka ndani, shavu la mguu gumu kama gogo. Kitaalamu huitwa distonia. Dawa anayomeza huupa ubongo wake kitu ambacho umeacha kutengeneza vya kutosha. Nguvu ya kidonge cha jioni huisha usiku, na kabla kile cha asubuhi hakijaanza kazi kuna saa nzima ambayo misuli hujikaza yenyewe, bila mwenye mguu kuiamuru. Nilipiga magoti, nikashika kisigino kwa mkono mmoja na vidole kwa mwingine, nikavuta polepole sana, bila kushindana na mguu. Baada ya muda mrefu ukalegea. Mzee aliachia shuka.

"Mikono ya baba yako," alisema. "Naye alinyoosha rimu za baiskeli hivyo hivyo."

Nilimuuliza swali tulilofundishwa kumuuliza kila mgonjwa siku ya kwanza: unataka nini? Wagonjwa wa hapa hushangaa wakiulizwa hivyo. Yeye hakushangaa.

"Nataka kurudi kwenye safu. Alfajiri."

"Adhuhuri huwezi kwenda?"

"Adhuhuri ninaenda, dawa iko inafanya kazi. Lakini adhuhuri kila mutu anaenda, musikiti unajaa, nani ataniona? Alfajiri tuko batu kumi na mbili tu. Miaka arobaini nimesimama pahali pamoja, kushoto, mwisho wa safu. Mutu akikosa, pengo inaonekana." Akaonyesha kona ya chumba. "Nasali huku, kwenye kiti, nyuma ya cherehani. Mwezi uliopita shehe alikuja kunisalimia. Nikamuuliza pahali pangu. Akaona haya. Bamesogea, mwanangu. Bamefunga pengo."

Nilitoa daftari. Tulifundishwa kwamba lengo la mgonjwa lazima lipimike, la sivyo ni dua tu. Nilitoka nje na simu yangu, nikapima njia kutoka kitandani kwake hadi mlango wa msikiti, nikaandika: *Lengo: kutembea mita 340, alfajiri, bila kushikiliwa.* Niliridhika sana na sentensi ile.

Kwa wiki tano nilifanya kazi nzuri, na sisemi hivyo kwa kujipendelea. Nilimpeleka kwa daktari wa mishipa ya fahamu, naye akakubali kidonge cha kwanza kisogezwe kabla mzee hajainuka. Alitaja pia sindano za kulegeza misuli, lakini akasema hazina uhakika wa kupatikana hapa, kwa hiyo tufanye kwanza yaliyo mikononi mwetu. Mkewe akawa anamwamsha na kumpa kidonge kwa maji matupu, si maziwa wala uji, kwa sababu chakula huchelewesha dawa ile. Mimi nilikuja kila siku kukiwa bado giza. Kitambaa cha moto kwenye shavu la mguu, kunyoosha, kupumzika, kunyoosha tena. Kisha nikatafuta viatu vyeusi vya soli ngumu, na ndani ya kile cha kushoto nikabandika kipande cha koki, ile ya vizibo vya chupa, chini ya vidole, nilichokichonga mwenyewe, ili vidole vikitaka kujikunja vikute kilima. Vilikuta kilima. Mguu ukakaa.

Niseme jambo moja ambalo sikulisema kwa mtu wakati huo. Nilianza kuzipenda zile alfajiri. Mkewe alikuwa ananiwekea chai ya tangawizi na kunikemea kwamba nimekonda kama mutu asiye na mwenyewe. Mzee alikuwa ananisimulia baba yangu. Baada ya hapo narudi Kinindo, nafungua kabine, na mpaka jioni husikii humo ila "unasikia maumivu hapa?" na "vuta pumzi".

Siku ilipofika alitawadha nyumbani kwa maji ya moto, akavaa kanzu nyeupe na viatu vyangu, tukatoka. Sikumshika. Nilitembea hatua moja nyuma yake, kama fundi anayefuata gari alilolitengeneza, masikio yakisikiliza. Mama wa maandazi aliyekuwa anawasha jiko lake akainuka. "Eh! Fundi anatembea!" Nami nikasema kwa sauti, ili asikie vizuri, kwamba ni wiki tano tu.

Tulifika mlangoni. Nikatazama saa yangu. "Mita zote mia tatu na arobaini, mzee."

Alikuwa anatazama chini, kwenye ngazi ya saruji, ambapo ndara na viatu vya wenzake vilikuwa vimepangwa jozi jozi. Akaketi kwenye ngazi. Akaanza kufungua kamba za kiatu cha kulia.

Hata hapo sikuelewa. Nilidhani kinambana. Ni alipoanza kufungua cha kushoto ndipo nilipoelewa.

Akashusha mguu mtupu juu ya saruji baridi. Vidole vikaingia chini mara moja, mbele ya macho yangu, kama konokono anavyoingia nyumbani kwake. Alijaribu. Alipiga hatua mbili juu ya ukingo wa wayo, akashika nguzo ya mlango, na ndani nikasikia shehe ameanza kusoma. Alisimama pale ameshika nguzo mpaka akaona hawezi. Kisha akageuka.

Kiatu kilikataa kuingia kwa sababu vidole vilikuwa vimekunjamana. Nilipiga magoti kwenye ngazi nikinyoosha na kusukuma, mpaka sala ikaisha na watu wakaanza kutoka. Walitupita mmoja mmoja. "Pole, mzee." "Pole, fundi." Walisema kwa upole kabisa, na kila mmoja alipoisema niliona mabega ya mzee yakishuka kidogo. Wa mwisho alikuwa makanika mmoja mnene, rafiki yake wa zamani. Alitazama kiatu, akanitazama mimi.

"Dokta, weye ulizania huku tunaingia na viatu? Kama kwenye banki?"

Nilizaliwa mtaa ule. Nilipokuwa na miaka saba, ndara zangu zililala kwenye ngazi ile ile, juu ya zile za baba, ili zisipotee. Lakini kule Ubelgiji zamu za usiku ziliniondolea kwanza alfajiri, kisha Ijumaa, kisha mengine yote, bila siku ambayo naweza kuikumbuka kwamba ndiyo niliyoacha. Miaka ishirini na miwili sikuwa nimevua viatu mbele ya mlango wa aina hiyo. Mtu mwingine yeyote wa Bwiza, hata asiyejua kusoma, angeniambia kosa la daftari langu kwa kulisikia mara moja.

Sikwenda Bwiza siku nne. Nilijiambia mgonjwa anahitaji kupumzika. Jioni niliketi sebuleni na taa moja, nikazima televisheni, nikaiwasha. Mlinzi aliniuliza kama naumwa, nikamwambia nina kazi. Siku ya nne mkewe alinipigia simu.

"Mzee anauliza kama umemukasirikia."

"Mimi? Nimkasirikie kwa nini, mama?"

"Kwa sababu alikuharibia kazi yako."

Nilichukua ufunguo wa gari nikatoka bila hata kufunga kabine.

Nilimkuta kwenye kiti chake nyuma ya cherehani, ambayo ilikuwa imefunikwa kwa kitambaa tangu mkono ulipomkataza kushona. Nilikuwa nimetayarisha maneno ya kitaalamu njia nzima. Yalipofika mdomoni yakageuka.

"Mzee, kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Kwamba musikitini batu banavua viatu?" Akacheka, kicheko kidogo, kwa sababu ugonjwa ule hukaza hata uso. "Mi nilizania unakumbuka. Halafu nikasema, huyu amekaa na Bazungu, labda bamegundua namna. Utamukosoa aje mutu mwenye diplome, amekuja kwako na giza, bure, anakushika miguu? Apana. Nikavaa viatu, nikanyamaza."

Nilikaa juu ya mkeka. Mkewe alileta chai akaiweka mbele yangu.

"Hizi siku ine nimefikiri," mzee akaendelea. "Weye ulifikiri kiatu. Mi niko fundi, nafikiri nguo. Muguu unahitaji nguo, haihitaji kiatu. Iko zile soksi za ngozi, bazee ba zamani balivaa. Ukizivaa na udhu, alfajiri hauvui. Unapangusa juu na maji, basi, unaingia nazo kusali. Nimemuuliza shehe. Amesema iko sawa, hata na koki ndani."

Nilimtazama. Lilikuwa jibu kamili kuliko alivyodhani mwenyewe. Angezivaa saa ya isha, wakati dawa inafanya kazi na mguu umenyooka, angelala nazo, alfajiri vidole vingekuta kilima kabla havijaamua lolote, na saruji baridi isingemgusa. Hakuna mwalimu wangu ambaye angebuni hilo. Wala mimi.

"Nani atashona?" niliuliza.

Aliinua mkono wake wa kushoto hewani, ukatetemeka kama jani. "Huyu hapana." Kisha akanielekezea kidevu. "Vua koti yako ya kidokta."

Nilinunua ngozi laini ya mbuzi sokoni Jabe, na mkewe akaondoa kitambaa juu ya cherehani. Jioni tatu nilikanyaga pedali ile, mimi mwenye vitanda viwili vya tiba, huku mzee akinipigia mwendo kwa kidole juu ya meza.

"Polepole. Muguu yako iko na haraka ya ndege."

"Nakanyaga sawa, mzee."

"Sawa? Ona mushono yako. Iko inarudi nyumbani imelewa." Mkewe alicheka mpaka akaweka sahani chini. "Fumua. Kule Ubelgiji hawakukufundisha kupiga kona?"

Nilifumua mara mbili. Mara ya tatu alipitisha kidole gumba juu ya mshono, polepole, ncha hadi ncha, akanyamaza. Nimepokea pongezi nyingi maishani, baadhi zimeandikwa kwa muhuri, lakini kunyamaza kule bado nakuweka juu.

Tulijaribu nyumbani kwanza, alfajiri sita, kutoka kitandani hadi mlangoni na kurudi. Asubuhi mbili mguu ulikaza hata hivyo, nikaunyoosha. Asubuhi nne ulitulia. Siku ya saba alipangusa maji juu ya soksi zake, akavaa ndara kubwa za plastiki juu yake, tukatoka.

Mlangoni alivua ndara akiwa amesimama, mkono mmoja begani kwangu. Nilikuwa nahesabu pumzi zake. Aliweka mguu wa kulia ndani, kisha wa kushoto. Wayo ulilala chini wote. Aliondoa mkono begani kwangu, nami nikabaki nje nimeshika ndara zake, ingawa hakuna aliyeniambia nizishike. Zingeweza kukaa chini kama za wengine.

Kupitia mlango niliona migongo yao. Safu ilikuwa imekamilika, bega kwa bega. Mzee alisimama nyuma yake akingoja. Kisha makanika mnene, bila kugeuka, akasogea kulia, wa pili naye akasogea, na wote hivyo hivyo, mpaka pale kushoto mwishoni pakawa na upana wa mtu mmoja. Mzee akaingia.

Baada ya sala alikuja akaketi kwenye ngazi. Jasho lilikuwa limemtoka. Nilimuuliza ilikuwaje, nikiwa na daftari juu ya goti na ndara zake bado mkononi.

"Rakaa ya pili vidole bilianza kucheza. Huyu hapa," akamwonyesha makanika aliyekuwa anatafuta kiatu chake, "akasogeza muguu yake ikagusa yangu, upande wa kulia. Bikatulia."

Niliandika. Nimewahi kuona hivyo: mara nyingine mguso mdogo hutuliza misuli kuliko nguvu, ingawa hatujui vizuri kwa nini.

"Na upande wa kushoto?" niliuliza.

"Kushoto hakuna mutu. Ni mwisho wa safu."

Makanika alishapata kiatu. Alinitazama juu mpaka chini, mimi na ndara mkononi.

"Fundi, muguu yako tumeiona imepona kidogo. Na huyu dokta wako? Muguu yake iko na ugonjwa gani, haivuki mulango?"

"Mwache," mzee alisema. "Mwache kwanza."

Nilimvisha ndara zake. Nilimrudisha nyumbani, nikakataa chai, nikasema nina mgonjwa wa mapema, na haikuwa kweli. Barabara ya Kinindo ilikuwa tupu na ziwa lilikuwa bado halina rangi. Mlinzi alifungua geti, akasema "Salama, patron", akarudi kwenye redio yake.

Nilisimama mlangoni na daftari. Juu ya ukurasa ule bado kulikuwa na lengo langu, mita 340, kwa mwandiko mzuri. Sikulifuta. Chini yake niliandika: *Kisha viatu vinavuliwa.* Nikainama, nikafungua kamba za viatu vyangu, cha kulia kwanza, nikaviacha nje, kimoja kando ya kingine. Vigae vilikuwa baridi. Nilipita kabine mbele ya diploma, nikapita sebuleni, nikaenda mpaka jikoni, na katika nyumba nzima hazikusikika hatua za mtu, hata zile zangu.